Tende Isiyopita Motoni

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa elimu yangu yote ya shule ya usiku, kwamba sukari haimo ndani ya tunda. Imo ndani ya moto. Tunda lina utamu tu, na utamu ni kitu cha Mungu, hauna ugomvi na mtu. Lakini ukilipeleka jikoni, moto unauamsha ule utamu, unaugeuza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoanza kutafuta macho na miguu ya watu. Ndiyo habari iliyokuwa ikitembea mtaani kwetu Bulla Pesa, Isiolo, mwaka ule. Ilisemekana mzee mmoja wa Merti, mgonjwa wa sukari wa kiwango cha sisimizi kumfuata hadi chooni, alikula gunia zima la tende ambazo hazijawahi kuona jiko, kisha akapanda pickup akaja mjini kupimwa, na kile kimashine cha kupima damu kikakosa la kusema, kikaandika sifuri na kujizima chenyewe. Mimi habari hiyo niliisimulia kwa Waborana, Wasomali, Wameru na Waturkana wenzangu, na kila nilipoisimulia gunia liliongezeka. Kufikia Ramadhani, yule mzee wa Merti alikuwa amekula lori.

Nimeikumbuka kwa sababu ya sauti niliyoisikia mwezi uliopita ndani ya duka la jumla, nikiwa nimeinamia katoni za tende kwa ajili ya jirani zangu wanaofunga. Sauti ilisema, "Profesa." Mimi ni mtu wa misumari na mabati, nina duka la vifaa vya ujenzi na ndevu zangu zimeshakuwa rangi ya simenti, jina langu ni Ekiru, hakuna anayeniita Profesa. Ni nyumba moja tu katika dunia hii iliyowahi kuniita hivyo, na nyumba hiyo ilivunjwa zamani, pakajengwa ghorofa. Niligeuka nikamwona mwanamke wa makamo ndani ya buibui, na uso ulikuwa wa Mama Dabo kabisa, mwenye nyumba ile, kiasi kwamba kwa nukta moja niliangalia chini kuona kama ana miguu miwili. Alikuwa nayo. Ni Dabo mwenyewe, binti, aliyeolewa Moyale baada ya mazishi na asirudi Isiolo hata siku moja. Tukaingia hoteli ya jirani, tukaagiza chai, na kabla chai haijafika tulikuwa tumesharudi kwenye kile chumba cha Bulla Pesa ambako mwaka mzima swali lilikuwa moja tu, hata kama hatukulitamka: Mama Dabo atabaki na mguu wake, au hatabaki nao.

Chumba chenyewe kilikuwa cha mbele kwenye plot ndefu ya mabati, mlango ukitazama barabara, na nyuma yake pazia la leso mbili zilizoshonwa pamoja, nyuma ya pazia kitanda cha mama na cha binti. Wapangaji wengine wote walikuwa na jiko mlangoni, na asubuhi moshi ulikuwa mwingi hata kuku walikohoa. Kwa Mama Dabo hakukuwa na moshi. Hakukuwa na jiko la makaa, wala la mafuta, wala kiberiti. Alikuwa amefanya kazi ya kuosha vyombo kwenye kambi moja ya watalii, na huko akaona wageni wasiokula nyama, wasiokunywa maziwa, wasiogusa yai, na juu ya hayo wasiotaka chakula kilichopita motoni. Wengine walicheka. Mama Dabo alisimama karibu na mpishi wao akaiba kwa macho kila kitu, na kambi ilipofungwa akarudi mjini na ujuzi ambao hakuna Mborana aliyewahi kuuomba: kutengeneza vitu vitamu vya matunda na njugu bila maziwa na bila moto. Mimi ndiye niliyemwandikia kibao cha mlangoni kwa rangi ya bluu, BILA MOTO, herufi kubwa hivi kwamba nadhani zilisomeka Marsabit.

Siku niliyokuja kuomba kazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwanamke mnene, mwepesi wa kucheka, kinu mbele yake. Alinitazama kuanzia viatu. "Mturkana, unajua kuzungusha mashine ya kusaga nyama?" Nikasema najua. "Nyama haiko hapa. Utasaga korosho." Nikamwambia mimi nasoma, kila jioni lazima niende darasani, nitafanya mtihani kama watu wengine. Akaacha kutwanga. "Mtu mzima hivi, na ndevu, unaenda kukaa dawati?" Nikasema ndiyo. Akamwita binti yake nyuma ya pazia: "Dabo, kuja uone, Mungu ametuletea profesa." Dabo akatoa kichwa. Alikuwa amemaliza shule ya upili mwaka uliotangulia na alikuwa na uso wa mtu anayengoja mabaya. Alinisalimia vizuri, akarudisha kichwa.

Kazi ilikuwa ya mikono zaidi kuliko kazi zote nilizowahi kufanya, na nimewahi kupakia ng'ombe kwenye lori. Tende zilikuja kwenye magunia, zimeshikana kama tofali. Ilibidi uzipasue moja moja, utoe kokwa, utazame kama ndani kuna mgeni, maana tende ya gunia haikosi wageni. Halafu kwenye kinu, pamoja na iliki, mpaka mchi uanze kukataa kutoka. Makadamia zilitoka juu Meru, na ganda lake ni la risasi. Nilizipasulia juu ya kipande cha reli kwa jiwe, na maganda yaliyoruka naamini mengine bado hayajatua. Korosho tuliziloweka mpaka zilainike, nikazisaga mara mbili kwa ile mashine, nikachanganya na tui la nazi na ndimu, ikawa krimu nyeupe ambayo mtu angeapa imetoka kwa ngamia. Tende na makadamia zilikandwa na kutandazwa kwenye sinia, krimu ikamwagwa juu, vipande vya embe juu ya krimu, na sinia nzima ikapelekwa kwenye friza ya bucha ya jirani. Ndiyo, bucha. Keki isiyomjua ng'ombe ililala usiku kucha ikiegemea paja la ng'ombe. Mama Dabo alifunika sinia kwa karatasi nne za nailoni, na mwenye bucha alikatazwa kwa kiapo asiweke maini upande ule.

Embe nyingine tulizikata nyembamba tukazianika juu ya mabati. Jua la Isiolo mwaka ule lilikuwa limeacha kukaa mbinguni, lilikuwa linashuka kukaa juu ya paa letu kama mpangaji. Kutokana na hilo ukazuka mjadala ambao nausikia mpaka leo. Mteja wetu mkubwa alikuwa Mzee Galgalo, dalali wa mbuzi, mrefu, mwenye ugonjwa wa sukari tangu zamani, aliyekuja kila siku baada ya swala ya adhuhuri na kukaa kwenye benchi. Siku moja akainua kipande cha embe kavu akakitazama.

"Mama Dabo, hii imekaushwa na nini?"

"Na jua."

"Na jua si moto?"

Benchi nzima ikaacha kutafuna, watu wa sukari wote wakiwa na kitu mdomoni. Mama Dabo akapangusa mikono. "Moto ni ule unawashwa na mtu. Jua nani aliwasha?"

Mzee Galgalo akafikiria. "Hapo umenijibu," akasema, akaendelea kutafuna. Mimi nilivutiwa sana. Jioni ile nilimuuliza mwalimu wetu wa kemia, mtu aliyefundisha shule nyingine mchana kutwa na kutufundisha sisi akiwa nusu yake imeshalala, kama ni kweli moto unaweza kugeuza kitu kikawa kitu kingine. Akasema ni kweli kabisa, ndiyo maana ya kemia. Sikuhitaji zaidi. Kesho yake nilirudi kwenye benchi na sayansi, na kuanzia siku hiyo Mama Dabo akiulizwa swali gumu aliniashiria kwa kidevu: "Muulize Profesa." Nami nilijibu. Nilijibu kwa urefu.

Sasa nikitazama nyuma naona jinsi mwaka wenyewe ulivyotusaidia. Ulikuwa wa ukame. Njia ya kwenda Merti ilikuwa na mizoga pande zote mbili, na upepo ukigeuka mtu aliijua njia hiyo bila kuiona. Wanaume waliingia Bulla Pesa wameshika fimbo, na mbele ya fimbo hakuna mnyama hata mmoja. Akina mama wa maziwa ya ngamia walikaa sokoni na vibuyu na mitungi mitupu kwa sababu tu ndiyo ilikuwa mahali pao pa kukaa. Wakati mwingine wowote, kitu kitamu kisicho na maziwa, kwa Waborana, kingechukuliwa kuwa matusi. Mwaka ule maziwa yenyewe yalikuwa yameondoka, na watu wakala korosho zangu wakifumba macho. Nilimsikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake mlangoni, "Onja hiyo nyeupe. Ukimeza haraka, inakukumbusha nyumbani." Mwenzake akaonja, akasema, "Haikumbushi," akanunua nyingine.

Mchi ulianguka mwezi wa Shabani. Ulikuwa mchi wa mti mzito, mrefu kunishinda, na Mama Dabo mwenyewe ndiye aliyekuwa akitwanga. Ulimponyoka ukatua juu ya kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mimi niliruka. Nilipiga kelele kana kwamba ni kidole changu. Yeye alikuwa anaendelea na hadithi aliyokuwa akiniambia, na akaimaliza, kisha akainama kuokota mchi. Niliona damu ikitoka kwenye ndala.

"Mama, umeumia."

"Wapi?" Akatazama mguu wake kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani. "Ai. Hata sijasikia." Akacheka. Mimi pia nikacheka, nikasema Mama Dabo ni chuma, na habari hiyo niliipeleka benchi, ambako kufikia alasiri mchi ulikuwa umeshakuwa gogo. Mzee Galgalo peke yake hakucheka. Aliuliza, "Hakusikia kabisa?" Nikasema kabisa. Akatazama viatu vyake mwenyewe, halafu akaondoka.

Kidole hakikupona. Kilifungwa kitambaa, kikafunguliwa, kikapakwa asali, kikafungwa. Kilikuwa cheusi pembeni, halafu weusi ukaanza kutembea. Nyuma ya pazia Dabo na mama yake walianza kugombana kila alasiri, kwa Kiborana, sauti za chini za watu wanaojua pazia ni pazia. Kiborana changu kilikuwa cha kununua mbuzi na kutukanwa, sikuweza kufuata. Nilisikia tu neno hospitali likirudi, na mama akijibu kwa maneno machache yale yale. Mara moja Dabo alitoka nje macho mekundu akanikuta nimeshika mpini wa mashine.

"Wewe unafikiri mguu wake uko sawa?"

"Utapona," nikasema. "Mtu asiyekula kitu kitamu kilichopita motoni, damu yake ni safi."

Alinitazama muda mrefu. "Saga korosho, Profesa," akasema.

Halafu ikaja harufu. Naiandika hapa kwa sababu ndiyo kitu cha mwaka ule ambacho sijawahi kukitia chumvi, na nilijaribu. Asubuhi moja niliingia chumbani nikasikia kitu kimeoza, nikafikiri ni korosho. Korosho zikilowekwa kupita kiasi huchacha. Nilimwaga beseni zima nyuma ya choo, korosho nzuri kabisa, nikaosha beseni kwa majivu niliyoazima kwa jirani. Harufu ikabaki. Nikaisugua mashine, nikaifungua parafujo zote. Nikatazama nazi. Nikaenda bucha kumkosea heshima mwenye friza. Niliporudi Mama Dabo alikuwa kwenye kigoda chake, anatwanga iliki, iliki nyingi, iliki ya mwezi mzima, na hakuwa akiitia kwenye kitu chochote. Anatwanga tu. Tukatazamana. "Korosho za siku hizi ni mbaya," akasema. Nikakubali kwamba ni mbaya.

Ramadhani ilipoingia tulifuturu pamoja, mimi Mkristo nikiwa na njaa kuliko wafungaji wote wa kaunti. Mkeka ulitandikwa mbele ya kitanda. Uji na sambusa tulinunua kwa jirani, na katikati ya mkeka ilikaa sahani ya tende zetu, vidonge vya mviringo vilivyojazwa makadamia na kugaragazwa kwenye nazi. Mama Dabo alikuwa mwanamke tofauti saa ile. Mchana alikuwa ameanza kuchoka, mdomo mkavu, akinywa maji kabla ya alfajiri kama ngamia na bado akiamka na kiu. Lakini adhana ikilia uso wake ulifunguka. Alikula tende ya kwanza polepole, na dua, kama inavyotakiwa. Ya pili pia. Baada ya hapo mkono wake ulikwenda kwenye sahani wenyewe, bila yeye kuuangalia. Siku moja Dabo akaivuta sahani akaiweka nyuma ya mgongo wake.

"Leta," mama akasema.

"Inatosha."

"Dabo, mimi nimekuzaa. Leta hiyo sahani."

"Uliambiwa nini, mama? Sema mbele ya Ekiru. Sema uliambiwa nini."

Mama Dabo aligeukia upande wangu, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho mimi, kijana mwenye furaha na mdomo uliojaa sambusa, nilikisoma kama heshima kwa elimu yangu. "Profesa," akasema kwa upole, "mwambie huyu mtoto. Hii imeona moto?"

"Haijaona," nikasema.

"Mwambie vizuri."

Nikamwambia vizuri. Nilieleza jinsi joto linavyogeuza kitu kikawa kitu kingine, nikaeleza habari za mzee wa Merti, nikatia na lile la jua nani aliwasha. Dabo alisikiliza mpaka mwisho, akaitoa sahani nyuma ya mgongo, akaiweka katikati ya mkeka, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kuvunjika. Hakula tena jioni ile. Mama yake alikula. Nami nilikula, nikafurahi kwamba amani imerudi nyumbani.

Wiki ya mwisho ya mfungo Mzee Galgalo alikuja akiongozwa na mjukuu wa kike, mkono wake begani kwa mtoto. Macho yalikuwa yamekwenda, la kushoto kwanza, na la kulia ndani ya siku chache. Alikaa mahali pake kwenye benchi baada ya kulipapasa. Mama Dabo alijikokota kutoka kwenye kigoda, alikuwa ameanza kutembelea kisigino, akamwekea kiganjani kipande cha keki, kikubwa kuliko cha kawaida.

"Hii ni ya embe ama ya ndizi?" mzee akauliza.

"Ya embe."

"Embe yenyewe ni ya rangi gani leo?"

"Ile ya njano sana, karibu nyekundu."

"Sawa." Akakiweka ndani ya kikoi chake kingojee magharibi. "Kwa macho nilishaona ya kutosha. Mbuzi wamekufa, nilikuwa naangalia nini." Watu wa benchi wakacheka kidogo, maana yeye ndiye aliyeturuhusu. Alipoondoka nilimsikia Mama Dabo akilia nyuma ya pazia. Nilidhani anamlilia mzee.

Mama Dabo alipelekwa hospitali siku ya tatu baada ya Idd, kwa mkokoteni mpaka barabara kuu, kwa sababu hakuweza tena kuvaa hata ndala na homa ilikuwa imemfanya aanze kuzungumza na marehemu mama yake. Mguu ulikatwa chini ya goti. Kwa Waislamu kiungo cha mtu hakitupwi, huzikwa, na wanaume wa ukoo wake walikuwa mbali wakifuata majani na ng'ombe waliobaki. Kwa hiyo tuliouzika ni mimi na mpwa wa Mzee Galgalo, kwenye makaburi, shimo fupi, na mguu wenyewe ndani ya kitambaa cheupe. Ulikuwa mzito. Mpwa alisoma alichojua. Mzee Galgalo alisimama pembeni amejishika kwenye fimbo, akauliza, "Mmeshafukia?" Tukasema tumeshafukia. Akasema, "Sasa yeye amelipia kiwanja," na safari hii hakuna aliyecheka, ingawa nadhani alitaka tucheke.

Wodini Mama Dabo alikuwa amepungua. Yule mwanamke aliyejaza chumba sasa hakujaza hata shuka. Aliniita karibu akaninong'oneza nimletee. Sikuhitaji kuuliza nini. Nilikwenda Bulla Pesa, nikafungua chumba, nikatengeneza peke yangu kwa mara ya kwanza, tende, makadamia, nazi, nikavitia kwenye kikopo nikakificha ndani ya koti. Nilikuwa na hoja zangu tayari: daktari amekataza sukari, na hii si sukari. Mlangoni nilimkuta Dabo. Alinyoosha mkono, nikampa kikopo, akakifungua, akanusa. Wauguzi walikuwa mwisho wa wodi. Nilingoja anitukane. Alikifunga akanirudishia, akasogea kando.

"Ingia," akasema. "Mimi nitasimama hapa."

Mama Dabo alikula kimoja, polepole sana, macho yamefungwa, ulimi ukitafuta kila kitu kilichokuwemo. "Umeweka iliki kidogo," akasema. Nikasema nitaongeza kesho. Akasema haya. Akala cha pili. Kulikuwa na kesho kadhaa, na kila kesho niliongeza iliki, lakini kidonda cha pale walipokata hakikufunga, na homa ikarudi, na asubuhi moja nilikuta kitanda kimetandikwa. Tulimzika siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, karibu na mguu wake. Mvua ilikuja baadaye, baridi, usiku na mchana, ikaua mbuzi waliokuwa wameokoka ukame, kwa sababu mnyama aliyekonda hivyo hawezi baridi. Kibao cha bluu kilikuwa bado mlangoni nilipokwenda kumrudishia mwenye plot ufunguo.

Mtihani wangu niliufanya mwaka uliofuata na nikafaulu, si vibaya, na somo la kemia ndilo lililonipandisha. Miaka ikapita. Hakuna siku mtu alinikalisha chini akaniambia tende ni nini; ni mambo ambayo mtu mwenye duka anayaokota polepole, kwa mteja mmoja na mwingine, mpaka siku unajikuta unajua na hukumbuki ulianza lini kujua. Lakini kilichokuwa kikinikera ni kingine. Nilikuwa nikijiuliza ni mjinga gani aliyeleta ule uvumi Bulla Pesa, ukamdanganya mwanamke mwerevu kama yule mpaka ukamla mguu na kumla mwenyewe. Nilishawashuku madereva wa Merti. Nilishawashuku watalii. Kuna mwenye duka la dawa za mitishamba ambaye sikumsalimia miaka mingi kwa sababu ya jambo hilo tu.

Basi pale hotelini, chai imeshapoa, nikamuuliza Dabo. Nilimwambia, wewe ulikuwa ndani ya nyumba, lazima unajua. Ile habari ya moto ilitoka kwa nani?

Dabo aligeuza kikombe chake kwenye kisahani. "Haikutoka kwa mtu. Ni mama alitunga."

"Mama yako aliamini..."

"Hakuamini hata siku moja. Siku daktari alimwambia ana sukari, awache tende, sisi tulikuwa wawili ndani ya hiyo chumba ya daktari, wewe ulikuwa hujakuja kwetu. Tukarudi nyumbani, akakula tende mbele yangu, mimi nikaanza kulia. Akaniambia, nyamaza, hii haijapita moto. Ilikuwa ya kuninyamazisha. Halafu akaona ni maneno mazuri, akaambia watu."

"Na Mzee Galgalo? Si yeye alikuwa mgonjwa, akakula akiamini hiyo habari?"

"Mzee alijua. Alimwambia mama, kwangu watoto wananifichia sahani, wacha nikule kwako." Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Wagonjwa wote walijua. Hakuna mgonjwa wa sukari haambiwi hiyo kitu siku ya kwanza. Walikuja kukaa pale kwa sababu hapo hakuna mtu angewakataza."

Nikauliza, sasa nani aliyekuwa akiamini.

"Tende ni sukari, Ekiru, ipikwe isipikwe," akasema. "Aliyeamini ni wewe peke yako."